Kadi ya dola 80, majangwa manne na Bibi kutoka Tanga: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa za Marekani, ile inayoitwa America the Beautiful, tuliinunua Juni 2024 kwa dola 80. Unaionyesha getini pamoja na kitambulisho chenye picha, na gari lako lote linapita. Sisi tulikuwa watano: mimi, baba watoto, binti yetu wa miaka 10, mdogo wake wa miaka 8, na mama yangu mzazi aliyekuja kutoka Tanga kututembelea. Kwa viingilio vya mwaka ule, bila kadi tungelipa White Sands dola 25, Saguaro 25, Joshua Tree 30 na Petrified Forest 25. Jumla 105. Kwa hiyo hifadhi ya nne ndiyo iliyotuingiza kwenye faida, dola 25. Nina kinyongo kimoja na kadi hii, nitakifikia.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwa dada yangu California. Tungeweza kupanda ndege. Lakini tiketi tano si mchezo, na Mama alikuwa ameshasema hakuja Marekani kutazama mawingu. Tukakodi gari la viti saba, tukatoka Houston na barabara ya I-10 tukielekea magharibi.

Asikudanganye mtu, Texas haiishi. Kutoka Houston hadi El Paso ni kilomita kama 1,200, na zote ni Texas. Ukishapita San Antonio miti inaanza kufupika, kisha inageuka vichaka, kisha vichaka navyo vinaachana kama watu waliogombana. Huko magharibi sheria inakuruhusu maili 80 kwa saa na bado unaona umesimama. Tulilala njiani usiku mmoja. Kanuni ya baba watoto ilikuwa moja: mshale wa mafuta ukifika nusu, tunajaza, hata kama kituo hakivutii. Nilimwona mwoga hadi nilipoanza kuhesabu umbali kati ya kituo na kituo.

Lalamiko langu la kwanza ni kwa kampuni iliyotukodisha gari. Kiyoyozi cha mbele kilikuwa baridi kama friji, cha viti vya nyuma kilipuliza hewa kama ya mtu anayehema. Houston hatukuligundua hilo kwa sababu tulilichukua gari asubuhi na mapema. Kabla hujasaini, kaa kiti cha nyuma kabisa dakika kumi, injini ikiwa inawaka. Watoto walisafiri na vitambaa vibichi shingoni hadi California.

White Sands, New Mexico, ndiyo hifadhi ambayo ningeirudia kesho. Imepewa hadhi ya hifadhi ya taifa Desemba 2019 tu. Kabla ya hapo ilikuwa na hadhi ya chini kidogo. Mchanga wake mweupe si mchanga wa pwani. Ni jasi, hii hii ya dari za jipsamu tunazowekeana majumbani, imesagwa na upepo ikarundikana kuwa vilima vyenye ukubwa wa maili za mraba 275. Jua lilikuwa linaunguza vibaya, nikawakataza watoto wasivue viatu. Mama akainama, akashika mchanga kwa kiganja, akanitazama. "Shika." Nikashika. Ulikuwa wa baridi! Jasi haiwi moto kama mchanga wa kawaida. Watoto walitembea pekupeku hadi jua linazama.

Dukani mlangoni wanauza sahani kubwa za plastiki za kutelezea kwenye vilima, na kipande cha nta cha kupaka chini. Usidharau hiyo nta. Bila nta unakaa kileleni kama gunia. Mwanangu alishuka mara zisizo na idadi, mwishowe akapanda Bibi yake naye, kanga kaifunga kibwebwe, akashuka akipiga vigelegele mwenyewe. Kuna familia nzima ya Wamarekani kwenye kilima cha jirani ilisimama ikampigia makofi.

Magharibi ilipoingia tulikuwa bado tuko vilimani. Kijana wangu akauliza kama mchanga ule unafaa kutayamamu. Mama akamjibu, "Maji yapo, tayamamu ya nini?" akatia udhu kwa chupa moja ndogo, kwa uchache ambao mimi siuwezi, sote tukatia baada yake, tukaswali juu ya mikeka ya ufukweni, kisha tukawahi geti kabla halijafungwa.

Hayo maji ndiyo jambo zito hapa. Ndani ya vilima hakuna bomba, maji yako kwenye kituo cha wageni tu. Agosti 2015 mume na mke kutoka Ufaransa walifia kwenye njia ya Alkali Flat humo humo, wakiwa na vichupa viwili vya maji kwa watu watatu. Mtoto wao wa miaka 9 alinusurika. Njia hiyo kwenda na kurudi ni maili tano hivi. Kwenye mchanga, vilima vyote vinafanana, na upepo unafuta nyayo zako. Sisi hatukuthubutu hata kuianza. Tulikuwa na galoni sita garini na bado nilikuwa nikihesabu.

Mambo mawili mengine kuhusu White Sands. Jeshi lina uwanja wa kujaribia makombora unaoizunguka, na siku za majaribio barabara hufungwa, mara nyingine kwa muda wa hadi saa tatu, kwa hiyo piga simu kabla. Na ukirudi Las Cruces kwa barabara ya US 70 utakuta kizuizi cha askari wa doria ya mpakani. Hujavuka mpaka wowote, lakini utaulizwa uraia. Ndugu zangu, pasipoti na green card zisibaki hotelini. Mama alikuwa na pasipoti yake ya Tanzania yenye viza ndani ya pochi ya shingoni. Askari aliitazama, akamrudishia, akamwambia safari njema. Dakika mbili. Gari la mbele yetu liliwekwa pembeni na sikujua lilikuwa na nini, ila niliona dereva akipekua begi kwa mikono inayotetemeka.

Saguaro, karibu na Tucson, Arizona. Hifadhi imegawanyika vipande viwili, mji ukiwa katikati. Sisi tulikwenda upande wa magharibi. Kwenye kituo cha wageni wanakuonyesha filamu fupi, halafu inapokwisha pazia linafunguka na ukuta mzima ni kioo: mlima umejaa mipungate mirefu, ndiyo saguaro yenyewe, imesimama kama watu walioinua mikono. Mama alisema "Subhanallah" kwa sauti, hakuna aliyegeuka, maana kila mtu alikuwa anasema la kwake.

Hapa ndipo programu ya Junior Ranger ilipolipa. Ni ya bure. Mtoto anapewa kijitabu, anajaza, anakipeleka kwa askari wa hifadhi, anakula kiapo mkono wa kulia juu, anapewa beji. Katika kijitabu mwanangu alisoma kwamba saguaro katika miaka yake 8 ya kwanza hukua inchi moja hadi moja na nusu tu. Akapima kwenye kidole gumba. "Yaani wa umri wangu ni huyu hapa?" Na mkono wa kwanza huchukua miaka 50 hadi 75 kuchomoza. Tangu hapo kila tulipopita mmoja mrefu wenye mikono alikuwa anauamkia shikamoo. Nilicheka siku ya kwanza. Baadaye nikaona ana hoja.

Juni ndiyo msimu wa matunda yake, mekundu, yanapasuka juu kabisa kama maua. Wenyeji wa eneo lile, Watohono O'odham, huyaangua kwa mti mrefu uliotengenezwa kwa mbavu za saguaro aliyekufa, wenye kijiti kilichofungwa kwa kukingama. Mama alipoona picha akacheka, "Si kigoe hiki? Cha maembe?" Askari akamweleza, nami nikitafsiri, kwamba ua la saguaro hufunguka usiku na popo ni miongoni mwa wanaolichavusha. Mama akamwambia kwetu mbuyu nao ua lake hufunguka usiku, na popo nao huja. Yule dada askari akaacha mstari wa watu uongezeke nyuma yetu, akawa anauliza maswali ya mbuyu.

Halafu akamwuliza binti yangu anasoma darasa la ngapi. Binti akajibu amemaliza la nne. Akatutazama, akatazama kadi yetu mezani, akasema kwa upole wote: mtoto wa darasa la nne anapata kadi ya bure, na anaingiza gari zima.

Hicho ndicho kinyongo changu. Programu inaitwa Every Kid Outdoors. Mtoto anaingia kwenye tovuti yake, anajibu maswali machache, anachapisha karatasi, na karatasi hiyo inafanya kazi kuanzia Septemba 1 ya mwaka wake wa darasa la nne hadi Agosti 31 inayofuata, likizo ya kiangazi ikiwemo. Wakati ule ilikuwa lazima uwe nayo kwenye karatasi, picha ya simu walikuwa hawaitaki. Dola 80 zangu zilikuwa zimeshaliwa siku mbili nyuma, na hazirudishwi. Walimu hawakutuambia. Na kusema kweli sisi nasi hatukuuliza. Mama alinifariji kwa njia yake: alicheka hadi maegesho ya magari.

Joshua Tree tuliingilia mlango wa kusini, moja kwa moja kutoka I-10. Kumbuka simu haishiki karibu hifadhi nzima, hivyo pakua ramani mapema, na maji ujaze mlangoni kwa sababu katikati hakuna. Maili kama 20 kutoka getini kuna bustani ya asili ya cholla, mipungate ambayo kwa mbali ina manyoya kama ya kifaranga. Manyoya hayo ni miiba. Kibao kinakuonya usikaribie. Mwanangu hakukaribia, kipande kilikuwa kimeanguka njiani, akakikanyaga, kikamng'ang'ania kwenye kiatu, alipotaka kukitoa kikahamia kiganjani. Alipiga ukunga ambao naamini walisikia Las Vegas. Baba watoto akataka kukivuta kwa taulo. Mama akasema ngoja. Akatoa chanuo kwenye mkoba, akalipenyeza meno yake kati ya kiganja na kile kidude, akakitupa mbali kwa mkupuo mmoja. Baadaye nilimsimulia askari wa hifadhi, akaniambia chanuo ndicho wanachoshauri. Weka moja kwenye sanduku lako la huduma ya kwanza.

Miti ya Joshua yenyewe hutaiona huku chini, inaanza ukipanda juu, jangwa la Colorado linapopakana na la Mojave. Watu wengi huiita ya ajabu. Mama hakuona ajabu. Aliitazama kwa muda mrefu, akashika jani lake kavu kwa tahadhari, akasema ni ndugu wa mkonge. Na kweli ni jamaa: mti wa Joshua ni aina ya yuka, ukoo mmoja na mkonge. Marehemu baba alikata mkonge miaka mingi, na mkonge wenyewe ni mgeni Tanga, ulitoka Mexico, Mjerumani Richard Hindorf akauleta mwaka 1893, ikanusurika miche 62. Mama hakuwa na haja ya historia hiyo. Alikaa kivulini mwa jiwe akawahadithia wajukuu jinsi nguo za babu yao zilivyokuwa zikinuka utomvu wa mkonge. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuisikia hadithi hiyo.

Death Valley, hifadhi nyingine ya jangwa huko California, hatukwenda. Baba watoto alitaka picha Badwater, mita 86 chini ya usawa wa bahari. Nikamwambia mahali palipoandikiwa nyuzi 56.7 mwaka 1913 sipeleki bibi wa miaka 71 mwezi wa Juni na kiyoyozi kinachohema. Hilo halikujadiliwa tena.

Tuliporudi tulishika I-40 ili tupite Petrified Forest, Arizona. Ukitoka magharibi shukia Holbrook, ingia kwa mlango wa kusini, utokee tena I-40. Ni maili 28 na huhitaji kurudi nyuma. Magogo ya miti iliyogeuka jiwe zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita yamelala chini, yamekatika vipande kama aliyepita na msumeno, ndani rangi ya damu, haradali na zambarau. Ni marufuku kuokota hata chembe. Wapo waliookota, wakapatwa na mikosi au na dhamiri, wakarudisha kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi, na mawe hayo hayawezi kurudishwa mahali pake kwa kuwa hakuna ajuaye yalitoka wapi. Kijana aliposikia hivyo akanyamaza. Mita chache mbele akaingiza mkono mfukoni akatoa kijiwe cha ukubwa wa punje ya hindi. Bibi yake akamshika mkono wakarudi wawili tu hadi alipokitoa, na jua lile. Tuliwasubiri robo saa.

Kadi haikulipii kambi wala haifanyi kazi kwenye hifadhi za majimbo. Za Texas zina kadi yao. Machi 2025 tuliitumia tena kwenye hifadhi ya taifa ya Big Bend, tukaokoa dola 30 nyingine, kwa hiyo sidai tumepunjwa. Iliisha mwisho wa Juni na sikuinunua tena. Kijana anaingia darasa la nne Agosti hii. Septemba mosi tunachapisha karatasi yake, na Januari, Death Valley ikiwa imepoa, yeye ndiye atakayetupitisha getini. Ameshaanza kupanga nani akae kiti gani.