Wameniuzia kompresa, tundu wameliacha

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa. Gereji yenyewe siitaji jina, iko Kinondoni, ina vigae sakafuni na kiyoyozi mapokezini, na kama una gari iliyokula chumvi, ya saspensheni ya hewa, yaani inayobebwa na mifuko ya hewa badala ya springi, pita hapo kama huwaoni.

Gari yangu ni Land Rover Discovery 3 ya 2007, dizeli, na ninaipenda. Ilianza kulala. Jioni naiegesha imesimama vizuri, asubuhi naikuta imekaa chini, madigadi yamefunika tairi. Nikiwasha inanguruma, inapanda taratibu, tunaenda. Baadaye dashibodi ikaanza kuandika hitilafu ya saspensheni na gari ikakataa kupanda ile hatua ya juu, ya njia mbovu. Nakaa Goba, kwa ndani. Vuli ilikuwa imechanganya, na kwangu bila hiyo hatua ya juu hufiki mlangoni.

Pale gereji wakachomeka mashine yao chini ya usukani, wakasoma, basi. Hakuna aliyeinama. Hakuna aliyechungulia uvunguni hata kwa tochi ya simu. Msimamizi akatoka na karatasi: kompresa, ile pampu inayojaza hewa kwenye saspensheni, imekufa. Nikamuuliza, "Kaka, hakuna mahali hewa inavuja? Maana ikiwaka inapanda." Hakuniangalia usoni. Akasema, "Mama, haya mambo ya kitaalamu. Labda aje baba tumweleze."

Baba yupi? Kadi ya gari ina jina langu. Hela iliyoinunua imetoka kwenye duka langu la vitenge, pisi kwa pisi. Nimeliuliza swali la maana kabisa, na jibu lake ni kwamba aje mwanaume.

Nililipa. Sh 1,850,000, kompresa na ufundi. Mnaweza kuniuliza kwa nini, hata mimi najiuliza. Nilikuwa nimepanda bodaboda kwenye mvua siku mbili mfululizo na nilitaka gari yangu.

Ilipanda haraka, nikafurahi. Haikumaliza wiki, ikalala tena. Nikarudi nayo. Msimamizi yule yule, na safari hii alinitazama, akanambia, "Gari za namna hii mama, ni za watu wenye hela." Milioni na laki nane na nusu nilizoweka mezani kwake hakuziona kuwa hela.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Tabata, anafanya kazi chini ya mwarobaini, na mashine ya kusomea anaazima. Swali lake la kwanza: "Inalala pembe ipi?" Nikamwambia zote. Akatikisa kichwa. Akanieleza kitu ambacho pale kwenye vigae hakuna aliyenieleza: ukiiegesha, kompyuta ya saspensheni hailali moja kwa moja. Baada ya saa kadhaa inaamka, inapima pembe zote nne, ikikuta moja imeshuka inazishusha na nyingine ili gari ikae sawa. Kwa hiyo inavuja pembe moja, wewe asubuhi unaona gari nzima imekaa chini.

Akachomoa fyuzi ya hiyo kompyuta isizishushe nyingine, gari ikabaki kwake usiku. Asubuhi nilipofika, pembe tatu zimesimama, ya mbele kushoto imezama vidole vinne. Akarudisha fyuzi, akaipandisha, akakoroga sabuni ya unga kwenye kopo, akapaka kwa brashi ya rangi pale bomba la hewa linapoingia kichwani mwa shokapu. Tukasubiri. Kikatoka kipovu kidogo, kikakua, kikapasuka. Kikatoka kingine. Akanishika mkono akaniambia niguse, nikahisi hewa, nyembamba kama pumzi ya mtoto aliyelala. Raba ya ndani ya kiungio imekauka kwa uzee. Akakata ncha ya bomba, akafunga kiungio kipya. Sh 40,000 kila kitu.

Halafu akauliza ile kompresa ya zamani iko wapi. Ilikuwa kwenye buti, walinirudishia ndani ya boksi. Akaiunganisha kwa nyaya mbili kwenye betri. Ikanguruma, na ukiweka kidole inapotokea hewa unasukumwa. Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikashindwa kusema.

Na hewa ikivuja kompresa haipumziki, inapiga mzigo hadi inaungua. Maana yake hata hiyo mpya waliifunga ije ife.

Nitende haki. Kompresa ya 2007 ingechoka siku moja, na hii mpya inaipandisha gari upesi zaidi. Mzee mwenyewe aliangalia kazi yao akasema wamefunga vizuri, bolti zote zimerudi. Tena yupo kijana mmoja pale, alinifuata bombani nikinawa mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nilitaka tupime kwa sabuni, nikaambiwa foleni ndefu." Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota tatu.

Lakini nimeandika hadi hapa nikakumbuka tena "aje baba". Nilipowapelekea habari ya povu, walinipa punguzo la huduma ijayo. Sikuomba punguzo. Nilitaka mtu mmoja aseme samahani mama, hatukuangalia. Nyota moja, na hiyo ni ya kijana.

Gari inasimama sasa. Kila asubuhi kabla ya chai natoka napenyeza mkono kati ya tairi na madigadi, mbele kushoto, mkono unapita. Ile kompresa ya zamani ipo stoo. Mwenye Discovery 3 ambayo kompresa imekufa kweli, na ameshapaka sabuni pembe zote nne, aje Goba aichukue. Bure.