Nililipia kozi ya Kijapani, nikaambiwa nisahau Kiswahili

Mvua ndiyo iliyonirudishia hasira. Huku Kobe, Japani, tumo kwenye tsuyu, zile mvua za mwanzo wa kiangazi, na asubuhi moja niliingia maabara nimelowa chapachapa. Mwenzangu akaniangalia, akauliza, "Ame ni furareta?" Nikamjibu hapohapo, "Furaremashita." Yaani: umenyeshewa? Nimenyeshewa. Sikutafuta neno wala sikupanga sentensi, ilitoka yenyewe. Nilipokaa kujifuta, badala ya kufurahi, kifua kikanibana. Sentensi ileile ndiyo niliyozimiwa maiki kwa ajili yake, kwenye kozi niliyoilipia zaidi ya laki nne kabla sijaondoka Dar.

Jina la kozi silitaji. Ni ya mtandaoni, inafundishwa kwa Kiingereza, jioni mara tatu kwa wiki. Wanafunzi wake wengi ni watu wa Dar, Nairobi na Kampala wanaojiandaa kuja kusoma. Tangu Japani ilipotangaza ABE, mpango wa ufadhili wa masomo kwa vijana wa Afrika, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika, pale Yokohama mwaka 2013, wenzetu wengi wamekuja huku kuchukua shahada ya uzamili, na kwa kuwa masomo ni kwa Kiingereza mtu anadhani Kijapani atakiokota njiani. Hakiokotwi. Barua ya manispaa ni Kijapani, tangazo la siku za kutupa taka ni Kijapani, fomu ya zahanati ni Kijapani. Kwa hiyo nililipa, tena kwa moyo mweupe.

Sasa siku yenyewe. Tulikuwa tunamalizia ngazi ya awali, tumeingia kauli ya kutendwa. Mwalimu akaandika "ame ni furareta", akaieleza kwa Kiingereza kwa kuzunguka sana: mvua imenyesha, nami nimepatwa na adha kwa hiyo mvua. Akasema huu ni upekee wa Wajapani, hamna lugha nyingine yenye kitu kama hiki, tukariri tu. Nikawasha maiki. "Samahani Mwalimu, kwetu ipo. Tunasema nimenyeshewa." Dada mmoja wa Mombasa akaandika, "Kweli! Na nimeibiwa simu je?" Alikuwa amepatia kabisa, maana Mjapani husema "keitai o nusumareta", simu imebaki kuwa kitu kilichoibwa na aliyeibiwa ni mimi, vilevile tunavyosema sisi. Mwingine akaongeza, "Nimefiwa." Darasa lilichangamka kuliko siku zote.

Mwalimu hakuchangamka. Akasema, nakumbuka neno kwa neno, "Ukiendelea kubeba lugha ya nyumbani hutafika popote. Sahau Kiswahili. Hapa lugha ya kazi ni Kiingereza." Nikaanza kumweleza kwamba sileti ubishi, nasaidia tu wenzangu waelewe. Akanizimia maiki. Nikawa naongea peke yangu, naona midomo yake inaendelea na slaidi inayofuata. Mimi ni mtu mzima, nimefundisha sekondari miaka kadhaa, na sijawahi kumfanyia mtoto wa kidato cha kwanza hivyo.

Ningeweza kusamehe ukali. Walimu wakali nimesoma kwao na nawashukuru. Lakini nilipofika huku nikaanza kugundua, siku baada ya siku, ni kiasi gani tulichonyimwa kwa sababu ya lile "sahau". Chukua "wa" na "ga", vile vijineno vinavyofuata jina kuonyesha kazi yake kwenye sentensi, ambavyo vilitutesa wiki nzima. Mwalimu alichora mishale, alitupa kanuni sita, hakuna aliyeelewa. Kumbe kila siku nyumbani tunasema "mimi kichwa kinaniuma". Mjapani naye: "Watashi wa atama ga itai." Unamtaja kwanza mwenye habari, halafu unasema kinachouma. Tembo mkonga wake mrefu: "Zō wa hana ga nagai." Mpangilio ndio huo, ila wao kitenzi hukipeleka mwisho.

Chukua "kore", "sore", "are". Kiingereza kina maneno mawili tu hapo, kwa hiyo tulilazimishwa kubana vitu vitatu kwenye mifuko miwili. Sisi tunayo hiki, hicho na kile! Kilicho kwangu, hicho ulichoshika wewe, kile kilicho mbali na sisi sote. Dakika tano zingetosha. Tulitumia vipindi viwili.

Au "hai", yaani ndiyo. Kulikuwa na slaidi iliyosema kwamba ukimuuliza Mjapani swali la kukanusha, ndiyo yake inageuka hapana, mjihadhari. Tujihadhari na nini? Ukiniuliza "Jana hukuja?" nami sikuja, najibu "Ee, sikuja." Mjapani anajibu "Hai, kimasen deshita." Anayegeuka hapo ni Mwingereza. Sisi tulikuwa tumekaa sawa tangu mwanzo, tukafundishwa kupinda ili tunyooshwe upya.

Na lililoniumiza zaidi ni "anata". Kozi ilitafsiri kila "wewe" kwa neno hilo, ikafundisha na "ogenki desu ka" kama habari za asubuhi. Basi mimi, wiki zangu za mwanzo, kila nikikutana na mzee mwenye nyumba ngazini nampa, "Anata wa ogenki desu ka?" Yeye anasita kidogo, anainamisha kichwa, anapita. Nilidhani ni mtu mkimya. Mwezi ulikuwa umeshapita mwenzangu wa maabara aliponisikia, akanivuta pembeni kwa upole: mzee huyo muite Ōya-san, mwenye nyumba, na asubuhi sema "ohayō gozaimasu", au sema kuna baridi leo, inatosha. "Ogenki desu ka" ni ya mtu mliyepoteana siku nyingi. "Anata" kwa mtu aliyekuzidi umri inakwaruza sikio.

Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu nimelelewa. Kwetu Tanga ukimwambia mzee "wewe, hujambo?" bibi yako atakuuliza umekulia wapi. Unasema "Shikamoo mzee", "Shikamoo mama", unamuita kwa heshima yake. Kijapani kinafanya hivyohivyo: jina na "-san", au cheo chake, "sensei", "ōya-san". Adabu hiyo niliingia nayo darasani siku ya kwanza, bila kufundishwa na mtu. Nikaivua kwa sababu nimeambiwa niisahau, nikaenda kumkwaruza mzee wa watu mwezi mzima.

Nikubali yaliyo yao. Hiragana, herufi za msingi za Kijapani, zote 46 nilizijua ndani ya wiki mbili, na hadi leo mwandiko wangu unasifiwa. Na katika jambo moja onyo la mwalimu kuhusu lugha ya nyumbani lilikuwa la haki: sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tukiikaza tunairefusha. Kijapani urefu wa irabu unabadili maana. "Biru" ni jengo, "bīru" ni bia. "Obasan" ni mama wa makamo, "obāsan" ni bibi kizee, na ulimi wetu unataka kumzeesha kila mama. Hapo alinisimamisha mara ishirini, akanirudisha mara ishirini, nami leo namshukuru. Niliposikiliza tena rekodi za vipindi vile juzi, nilifikia hata kusema labda nimemhukumu kwa siku moja mbaya. Kila mtu ana siku mbaya.

Ila kuna kituo cha jamii hapa mtaani, ambako Jumamosi wazee wa Kijapani wanafundisha wageni kwa kujitolea. Tunachangia pesa ndogo ya nakala na chai. Anayenifundisha ni bibi wa miaka sabini na kitu, Kiingereza hajui, Kiswahili hajapata kukisikia. Siku moja nilimuuliza kwa nini anakuja kila wiki hata mvua ikinyesha. Akasema, "Shujin ni shinarete ne…" akanyamaza, akasawazisha kalamu zake mezani.

Shinareta. Kitenzi ni kufa, kimewekwa kwenye kauli ileile ya mvua. Bibi hakusema mume wangu alikufa. Amesema amefiwa na mumewe. Nilielewa kabla hajanyanyua macho, na nikakumbuka kwamba neno hilihili liliandikwa na mwenzetu jioni ile, na likapitwa kama takataka. Nilitamani kumwambia pole. Kijapani nilichokuwa nacho kilinifikisha kwenye "taihen deshita ne" tu, yaani ilikuwa vigumu, nikainama. Kisha nikamweleza kwa shida kwamba kwetu msemo huo upo, ni neno moja. Akafungua daftari lake, akaniomba nilitamke polepole, akaliandika kwa katakana, herufi zao za maneno ya kigeni: ni-me-fi-wa. Wiki iliyofuata akaniuliza mengine. Nikampa "pole na kazi", akapiga meza kwa kiganja: "Otsukaresama!" Tangu hapo tukimaliza kipindi yeye ananiambia pole na kazi, mimi namwambia otsukaresama deshita.

Nimejifunza kwake kwa miezi michache mambo ambayo laki nne hazikuninunulia. Hata "wa" na "ga" ameninyooshea kwa kuninyamazia nijaribu, hana kanuni hata moja.

Nilipoanza kuandika haya nilikusudia kutoa nyota tatu, kwa ajili ya hiragana na zile irabu. Hiragana mtu unajifunza pia kwa video za bure, lakini nidhamu ya kurudia niliipata kwao, hilo silikani. Kama wewe ni mgeni kabisa na huna mtu wa kukusimamia, miezi miwili ya mwanzo ya kozi ile itakufaa, halafu toka kabla hujafika sarufi.

Niliwaandikia barua pepe mara mbili. Sikudai pesa. Niliomba tu kwamba, kwa kuwa zaidi ya nusu ya wanafunzi wao wanazungumza Kiswahili, wawaache wanafunzi waulize kwa kutumia lugha yao, na wafute ile mifano ya "anata". Nikawaandikia na mifano yangu, ukurasa mzima, bure. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili imejibiwa jana: wamenishukuru kwa kuwasiliana, wakanitumia kiungo cha kujiunga na ngazi ya pili kwa punguzo, na mwisho wa barua wakaandika "Anata o matte imasu", tunakusubiri wewe.

Nyota moja.