Kozi ya maadili ya Kikristo, Kirumba: nenda, ila nenda na swali lako

Kwa wanaouliza kama ile kozi ya Jumamosi inastahili hela yake: inastahili. Elfu ishirini kwa kozi nzima, chai na mihogo ya kuchemsha humo humo, ukumbi wa kanisa huku Kirumba, Mwanza, unatembea tu kutoka soko la samaki la Mwaloni. Nauza dagaa wa jumla pale Mwaloni na ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Nilijiandikisha kwa sababu kwenye vikao vyetu kila anayebishana husema "Mungu hapendi", huyu akitetea hili na mwenzake akitetea kinyume chake. Nilitaka kujua, mtu akisema hivyo, amesimama juu ya nini.

Somo la kwanza linajibu swali hilo hilo, na ndilo lililoandaliwa vizuri kuliko yote. Ukumbini tulichanganyika, Wakatoliki, AIC (Africa Inland Church), Walutheri, Waanglikana, Wapentekoste, na Mwalimu hakujifanya kwamba wote tunafuata njia moja. Alituonyesha Martin Luther, ambaye Walutheri wametokana naye, mwaka 1521 mbele ya baraza la Worms, Ujerumani, akikataa kuyakana maandishi yake kwa kuwa dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu. Akatueleza Wakatoliki wanavyoshika Maandiko pamoja na Mapokeo, yakifafanuliwa na Papa na maaskofu, na wanavyoamini kwamba hata akili ya binadamu inaweza kulitambua jema kwa sheria ya asili, kama alivyofundisha Thomas wa Akwino aliyefariki 1274. Waliotokana na John Wesley, yaani Wamethodisti, wao huanza na Maandiko, halafu husikiliza mapokeo, akili na uzoefu.

Hapo akasimama mzee mmoja aliyekulia Misungwi, akauliza mila zetu ziwekwe fungu gani. Kabla hajajibiwa akaanza kuzungumzia vikongwe waliouawa Usukumani kwa kusingiziwa uchawi, eti kwa kuwa macho yao ni mekundu. Macho yale ni ya moshi. Palipoadimika kuni watu hupikia samadi ya ng'ombe, na mama aliyeinamia moshi huo miaka yote lazima macho yaive. Ukumbi ulinyamaza. Mwalimu, na hapa nampa heshima yake yote, hakukimbilia mstari wa Biblia. Alisema kwamba pale akili ilikuwa upande wa Mungu, mazoea yakawa upande wa wauaji. Mimi naongeza: ili mtu aulize kwa nini macho ya bibi ni mekundu, lazima kwanza awe anamhurumia yule bibi.

Somo la upendo ndilo lililonifanya niandike haya. Mwalimu alianza na Mathayo 22, mpende Bwana Mungu wako, mpende jirani yako, "katika amri hizi mbili hutegemea torati yote na manabii". Kisha akamleta Joseph Fletcher, kasisi wa Kianglikana wa Marekani, ambaye mwaka 1966 alifundisha kwamba kisichobadilika kamwe ni upendo peke yake. Sheria nyingine zote zinakusaidia kuamua, lakini upendo ukidai, unaziweka kando. Nusu ya ukumbi walifurahi.

Mimi nikatoa kesi ya kikoba chetu, bila jina. Mwenzetu amechelewesha marejesho, mtoto wake amelazwa. Katiba yetu inasema tuende tukachukue vitu vyake. Upendo unasemaje? Wengi wakajibu haraka: asamehewe deni. Ndipo mama mmoja muuza sato akauliza, taratibu tu, "Upendo kwa nani? Huyu mwenye mgonjwa tunamwona. Yule wa Ukerewe aliyeweka hisa mwaka mzima, akitegemea tukivunja kikoba Desemba na kugawana akiba alipe ada, hayupo hapa kulia."

Sijasikia hoja nzito kuliko hiyo katika mafundisho yoyote niliyowahi kuhudhuria. Jirani si yule tu machozi yake yanadondoka mbele yangu. Ndiyo maana katiba ya kikoba, inayoonekana kavu, ni namna ya kumpenda mtu asiyekuwepo kikaoni. Na Mwalimu akakiri kwamba Fletcher mwenyewe aliliona hilo, kwani alisema haki ni upendo uliogawanywa. Paulo naye, Warumi 13, hakusema pendo linafuta sheria, alisema "pendo ndilo utimilifu wa sheria". Baada ya somo lile tuliitisha kikao cha kikoba. Vitu vya mwenzetu hatukugusa, deni hatukufuta. Tulimsogezea muda, tukamtolea pesa ya hospitali kutoka mfuko wa jamii, tukakiandika kifungu hicho kwenye katiba ili kesho kimfae na mwingine asiye rafiki yetu.

Agostino, yule askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alipitishwa mbio mno. Tuliambiwa neno lake maarufu, penda kisha utende utakalo, tukaambiwa pia kwamba maana yake si ruhusa ya kila kitu: ukinyamaza nyamaza kwa upendo, ukikemea kemea kwa upendo. Vizuri. Lakini Agostino huyo huyo, katika ugomvi na Wadonati, Wakristo wa huko waliojitenga na kanisa, alifika mahali pa kukubali dola iwalazimishe warudi kanisani, akiamini ni kwa faida yao. Jambo hili Mwalimu alilisema kwa sentensi moja akageuza ukurasa, na ndilo lilihitaji saa nzima. Sisi wazazi na viongozi wa vikundi tunajua jinsi fimbo inavyojiita upendo. Somo la dhamiri nalo lilibanwa kabla ya chai, na makabrasha yake yametolewa kopi hafifu mpaka kurasa nyingine hazisomeki.

Pungufu lingine ni mifano. Mingi imetoka vitani Ulaya, ilhali sisi tuna ziwa mlangoni. Nilisubiri waguse makokoro, hawakugusa. Mvuvi anayekokota wavu ule ufukweni anazoa samaki wachanga pamoja na wakubwa, na leo watoto wake wanakula. Je, jirani yake ni pamoja na mtoto atakayeshika kasia miaka kumi ijayo? Swali hilo lingewakutanisha Thomas, Wesley na muuza sato meza moja.

Nawapa nyota nne. Beba Biblia yako na daftari, fika mapema upate kiti cha mbele kwa sababu kipaza sauti hakifiki nyuma, na usiende kusikiliza tu. Wanaofaidika ni wanaokwenda na jambo linalowasumbua. Waandaaji nimewaomba jambo moja kabla ya awamu ijayo: wabadilishe siku. Jumamosi ni ibada ya Wasabato, nao Mwanza ni wengi, hata kikobani kwetu wapo. Jumapili alasiri, baada ya misa na ibada zote, ukumbi ule huwa mtupu.