Fimbo mbili kutoka kwa fundi mmoja wa Mbeya: uzoefu wangu baada ya miezi mitano

Nina mikono mifupi, na hilo ndilo lililonipeleka kwa fundi. Fimbo za kuvulia za dukani huja na mpini mrefu uliokusudiwa mwanamume mrefu, na kila nikizungusha rili, kile kigurudumu kinachokunja nailoni, kitako cha mpini kinanigonga mbavu. Nilivumilia misimu miwili pale Matema, nikirudi nyumbani na ubavu unauma, mpaka shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliponiambia kuna kijana mitaa ya Soweto, hapahapa Mbeya mjini, anayeunda fimbo kwa vipimo vya mwenyewe kama mshonaji anavyoshona suti. Tukaenda wote wawili mwezi wa sita, kila mmoja na oda yake. Tulitaka vitu viwili tofauti kabisa, na mpaka leo hatujapatana.

Kilichonifanya nimwamini fundi ni swali lake la kwanza. Baada ya "ugonile" na kukaribishwa kwenye benchi, nilidhani atafungua boksi la nyuzi nichague rangi. Hakuligusa. Akauliza, "Dada, unavua wapi, na unamtafuta samaki gani?" Nikamwambia navua Ziwa Nyasa, nikiwa ndani ya mtumbwi, na ninayemtaka ni mbasa. Kwa wasiomjua, mbasa ni samaki wa rangi ya fedha, mrefu mwembamba, anayekimbiza usipa, dagaa wa ziwa hilo, na kupanda mitoni kutaga wakati wa mvua. Mkubwa wao anakaribia nusu mita. Anakamata chambo ghafla na kugeuka palepale, kwa hiyo fimbo ngumu inamrarua mdomo, na iliyo laini mno haimzamishii ndoano. Fundi alikuwa anayajua haya yote. Shemeji yeye ni mtu wa kambale, wa kukaa ufukweni na chubwi zito chini ya maji, kusubiri. Akashauriwa achukue ufito wa faibaglasi, unaovumilia kugongwa na kuburutwa. Mimi nikapewa wa nyuzi za kaboni: mwepesi, ukiupinda unarudi upesi, lakini ukiukwaruza kwenye jiwe unaweza kukukatikia siku usiyoitegemea.

Halafu akanishikisha mpini wa fagio uliofungwa rili kuukuu kwa mpira wa baiskeli. Nikazungusha, nikajifanya narusha, nikazungusha tena, yeye anatazama kiwiko changu na kuweka alama kwa kalamu. Mpini wangu ulitoka sentimita 23 nyuma ya rili. Ule wa dukani ulikuwa na 36. Umetengenezwa kwa lile gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo, ambalo kwa sehemu kubwa hutoka Ureno, na asubuhi ya baridi haligandishi kiganja. Tangu siku hiyo sijagongwa ubavu tena. Hata kama fundi asingenifanyia kingine chochote, kwa hilo peke yake ningemlipa.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni upangaji wa pete, zile zinazofungwa kwa uzi kwenye ufito ili nailoni ipite ndani yake. Fimbo yangu ni ya futi 7, vipande viwili ili iingie kwenye basi. Kanuni ya mafundi ni pete moja kwa kila futi, ukiacha ile ya ncha, lakini hakuishia kwenye kanuni. Alizifunga pete kwa vipande vya mpira, akapitisha nailoni, akaifunga kwenye ndoo ya mchanga, kisha akaupinda ufito mpaka ukawa upinde. Akaanza kusogeza pete moja moja, nusu sentimita huku, nusu sentimita kule, mpaka nailoni ikaufuata mpindo wote bila kuvunja kona mahali popote na bila kuugusa ufito. Pete mbili za karibu na ncha zilimchukua karibu saa nzima. Nailoni ikivunja kona, nguvu yote ya samaki inaangukia hapo, na hapo ndipo fimbo hukatikia. Kazi hii haionekani fimbo ikishakamilika, wala huwezi kumpigia mtu picha ukamwonyesha. Ukienda kwa fundi yeyote wa fimbo, mwombe uione ikifanyika.

Tukafika kwenye urembo, na hapo tukagawanyika.

Shemeji ni Yanga damu. Hata geti la nyumbani kwake ni kijani na njano. Alitaka kila pete ifungwe kwa uzi wa kijani wenye ukingo wa njano kuanzia mpini hadi nchani, almasi zilizopandana juu ya mpini, na jina lake kwa rangi ya dhahabu. Mimi nilitaka nyeusi juu ya nyeusi, bila hata mstari. Utotoni kwetu Iringa nilivua kwenye vijito kwa ufito wa mianzi ileile ya ulanzi, uzi na ndoano moja, na kwangu mimi fimbo ni kitu cha namna hiyo: ukikishika unamwaza samaki. Tena naamini, kama wavuvi wengi wa maji maangavu wanavyoamini, kwamba kitu kinachometameta juani juu ya maji hakimsaidii mvuvi.

Fundi yuko upande wa shemeji, tena kwa mbali. Kipenzi chake ni manyoya ya kanga: anayalaza juu ya ufito, anayafunika kwa epoksi, gundi angavu inayokauka ikawa ngumu, na yale madoa meupe yanabaki kama yamo ndani ya kioo. Alinionyesha fimbo yake mwenyewe yenye manyoya hayo. Ni kazi ya mkono mtulivu sana, nami nilimsifu kwa moyo wote, ingawa sikutaka ya namna ile iwe yangu. Hoja yake ilikuwa hii: samaki anatazama chambo, mtu ndiye anayeshinda na fimbo mkononi kutwa nzima, basi apendezwe nayo. Sikukubali, lakini nimeifikiria mara nyingi tangu wakati huo.

Jambo moja wengi hawalijui, na linafaa kujulikana kabla ya kuchagua rangi. Uzi wa nailoni ukinywa epoksi hubadilika. Unakolea, na rangi nyepesi zinakuwa kama kioo, kilichopo chini kinaonekana. Fundi alishawahi kupata mteja wa Simba aliyekataa kulipia kinga ya rangi, ile dawa inayopakwa kwenye uzi kabla ya epoksi. Nyekundu ikatoka rangi ya maini, na nyeupe ikapotea, ukabaki weusi wa ufito. Kazi yote ikabanduliwa na kurudiwa. Kwa sababu hiyo siku hizi haanzi bila jaribio: alichukua kipande cha ufito uliovunjika, akazungusha kijani na njano ya shemeji, nusu akaipaka kinga na nusu akaiacha, akatuambia turudi kesho. Njano isiyokingwa ilikuwa imekuwa matope. Shemeji akalipia kinga bila ubishi.

Kipande hichohicho ndicho kilichonilegeza mimi. Pembeni fundi alikuwa amezungusha uzi wa rangi ya damu ya mzee bila kinga. Kivulini ulionekana mweusi. Nilipoutoa mlangoni ukawaka kutoka ndani, taratibu, kisha nikageuka kivulini ukazimika. Nikakumbuka vikapu vya mama. Mama anasuka vikapu vya milulu, aina ya nyasi, na mistari ya rangi hiyo ndiyo inayopanda ikizunguka kikapu chake, inakatika, inaanza tena juu kidogo. Wiki iliyofuata nilirudi na kikapu kimoja kidogo, nikamuuliza fundi kama anaweza kunisukia kitu cha namna hiyo kwenye ufito.

Alikaa kimya akihesabu milulu kwa ncha ya sindano. Kisha akachora kwenye karatasi ya miraba. Namna yenyewe inafanana na usukaji kuliko nilivyodhani: nyuzi kadhaa fupi zinalazwa kufuata urefu wa ufito, halafu uzi mwingine unazungushwa juu yake, na kila mzunguko anainua nyuzi fulani na kulaza nyingine, kwa sindano, moja moja. Akikosea mzunguko mmoja anarudi nyuma. Sentimita saba za mstari wa kikapu cha mama zilimchukua siku mbili nzima. Aliuweka mara tu juu ya mpini, mahali ufito ulipo mnene na haupindi sana, kwa hiyo haupunguzii fimbo chochote. Pete zote zikabaki nyeusi, uzi kidogo, epoksi nyembamba. Niliupeleka Iringa mwezi wa kumi. Mama alipitisha kidole juu yake mara mbili, akasema mzunguko wa tatu umelegea. Ni kweli, umelegea.

Sasa malalamiko. Tuliahidiwa wiki mbili, zikawa saba. Sehemu ya ucheleweshaji naielewa. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku ni baridi kali. Epoksi ikipoa inakuwa nzito, inashika mapovu, na inachukua muda mrefu kukauka. Fundi anaipasha kwa balbu ndani ya sanduku la mbao, anamwagia sakafu maji ili vumbi litulie, na fimbo inazunguka kwenye mota ndogo iliyotolewa chini ya sahani ya maikrowevu mbovu, mizunguko mitano sita kwa dakika, ili epoksi isishuke upande mmoja. Umeme ulikatika mara mbili katikati ya kazi. Mara ya kwanza alizungusha kwa mkono hadi usiku. Ninayajua haya kwa sababu nilikwenda mwenyewe kuuliza. Kupiga simu kutuambia, hakupiga hata mara moja, na simu zangu tatu hazikupokelewa. Mtu aliyekwisha kulipa nusu ya fedha anastahili kuambiwa. Pia pete yangu ya nne ilikuja na mapovu mawili chini ya epoksi. Alipoyaona alinirudishia fimbo siku ya tatu ikiwa safi, bila kuongeza bei.

Kwenye maji, fimbo yangu imenipa nilichokitaka. Chambo chepesi cha bati linalong'aa kama usipa kinaruka mbali kuliko nilivyozoea, na mbasa akigusa nasikia hadi kiganjani. Siku moja tulibadilishana na shemeji. Ya kwake, ukirusha, ncha inaendelea kutikisika baada ya chambo kuanguka. Kiasi fulani ni faibaglasi yenyewe, sitaki kuisingizia rangi. Lakini zile kingo za njano hadi nchani, na epoksi iliyopakwa mara mbili ili zing'ae, ni uzito uliowekwa mahali pabaya kuliko pote. Almasi za kwenye mpini hazina dhambi hata kidogo. Yeye anasema kwa kambale hazimpunguzii kitu, na kwa kambale ana haki. Na pale soko la Lyulilo, akina mama wa Kikisi wanaouza vyungu walizipita almasi zake wakashika msuko wangu, mmoja akauliza ni nani aliyesuka. Shemeji hakufurahi.

Bei: yangu ilikuwa shilingi 310,000, yake 265,000, na katika hiyo 70,000 ni urembo na kinga ya rangi. Nusu inalipwa mwanzo. Ni fedha nyingi, na kwa anayevua mara mbili kwa mwaka sioni haja. Kwa anayeshuka ziwani kila mwezi, hasa mwanamke ambaye hajawahi kupata mpini unaomfaa, nashauri aende, na apige simu yeye kila wiki.

Nimeagiza ya pili, fupi, kwa ajili ya trauti wa mto Kiwira. Hii nimesema iwe nyeusi tupu. Fundi ameshaanza kunibembeleza habari ya manyoya ya kanga, mawili tu, anasema, karibu na mpini. Nimemwambia anionyeshe kwanza kwenye kipande cha ufito uliovunjika.