Ziara ya historia ya Uwanja wa Amaan: nimelipa ili ami yangu anyamazishwe

Nilisema sitaandika. Nimelala, nimeamka, hasira bado imekwama kooni kama mwiba wa changu, basi naandika.

Binamu yangu kaja kutoka Maskati na wanawe wawili, vichwa vyao mpira mtupu. Wanataka kuuona Amaan, uwanja wetu mkubwa wa mpira hapa Unguja. Ningewapeleka mwenyewe, nimekulia Kikwajuni, lakini nikajidai: wageni hawa, tuwatafutie mtu awape historia kwa mpango. Nikampata kijana mmoja anayetembeza watu mjini, kitambulisho shingoni, shati lina nembo. Jina lake silitaji, wala la wanaomtuma. Shilingi 60,000 kwa saa mbili, nusu unatoa kabla. Tukamchukua na ami, mdogo wake marehemu baba, mzee ambaye hata umri wake anaukisia. Kanzu kaipigisha pasi kama anakwenda kusali Idi, kofia ya viua, bakora mkononi.

Viti vingapi, taa ngapi, hayo yatafuteni wenyewe. Uwanja sina ugomvi nao, umependeza. Ugomvi wangu ni na mdomo wa mtu.

Kaanza vibaya tangu mlangoni. Anasoma simu. Si kuchungulia mara mojamoja kama anayekumbushia tarehe, hapana, anasoma, kidole kinapandisha maneno, na mara nyengine anakatika katikati kwa sababu kioo kimezima. "Uwanja huu ulijengwa mwaka 2023 na Waturuki." Basi. Kabla ya hapo, kwa hesabu yake, palikuwa na minazi.

Ami akakohoa. Kikohozi kile nyumbani tunakijua. Akasema kwa upole: "Mwanangu, Waturuki wameutengeneza upya tu. Uwanja huu wa 1970, enzi za Mzee Karume, na waliotusaidia kuujenga ni Wachina."

Kijana akacheka. "Wachina, mzee? Mbona jukwaa lile linaitwa Urusi?"

Jamani! Mtu kalichukua jina la jukwaa kalifanya hati ya ujenzi. Kwa mtindo huo jukwaa la Saa atakuwa kalijenga fundi saa. Ami akainua bakora aanze kuwaonesha watoto pande zote, lipi linaitwaje, na hapo ndipo likatoka neno lenyewe: "Mzee, tusipoteze muda, watoto wana mengi ya kuona."

Mbele ya watoto. Kumwambia hivyo mtu aliyekuwa akienda kutazama mpira Mnazi Mmoja kabla Amaan haijafikiriwa, anayeweza kukutajia timu za mitaa moja baada ya moja kama anahesabu tasbihi. Ami akaishusha bakora. Akavua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akaivaa tena. Robo saa nzima hakusema kitu. Mie nilikuwa namtazama yeye tu, maelezo mengi ya hapo kati hata sikuyasikia.

Niliyoyasikia yalitosha. Yule mtoto mdogo akauliza kama Zanzibar imewahi kuchukua kombe lolote. Swali hilo peke yake lilistahili 60,000! Jibu: "Bado, inshallah." Bado? 1995 tulilibeba la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, kule Uganda, tukawafunga wenyeji nyumbani kwao. 2017 tukafika fainali tena, Kenya, wakatutoa kwa penalti. Na mwaka huohuo CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilitupa uanachama Machi ikatunyang'anya Julai, jambo ambalo mtaani kwetu ukilitaja mtu anakunja uso kama katafuna shubiri. Mlandege je, timu yetu ya hapahapa, walivyoifunga Simba 1-0 fainali ya Kombe la Mapinduzi, Januari 2024, uwanja bado unanuka rangi? Hakuna. Kwake yeye dunia ni Simba na Yanga.

Nisimdhulumu lakini. Alipofika kwenye marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na Berkane ya Morocco, Mei 2025, ile ya sare ya 1-1 na kombe likaenda Morocco, simu kaitia mfukoni. Alikuwepo. Kaonesha alipokaa, kaonesha watu walivyokuwa wameshika vichwa, sauti imemkauka kama mechi imekwisha jana. Watoto wakatulia wakamsikiliza. Nikasema kumbe anaweza, huyu. Nilikuwa nakaribia kumsamehe.

Sasa linakuja linaloniuma kulisema. Akaongeza kwamba 1992, hapahapa Unguja, Simba ilimfunga Yanga kwa penalti fainali ya klabu za Afrika Mashariki na Kati. Ami, Yanga wa damu, akazindukana. "Yanga! Hapa kombe alichukua Yanga, nilikuwepo mimi!" Na mie nikapanda juu yake, sauti mpaka walinzi wakageuka. Nikamwambia kijana hana adabu na elimu vilevile hana. Nusu ya pili ya pesa nikakataa kutoa, tukaondoka.

Usiku nikatafuta. Yanga kaifunga Simba fainali hapa Unguja ni 1975, mabao 2-0. Ile ya 1992 ni Simba, sare 1-1, penalti 5-4. Ami kachanganya fainali mbili, na mie nimebwata juu ya mchanganyo wake.

Alfajiri nikamtumia 30,000 zake kwa simu, bila salamu. Sifuri niliyokuwa nimempa nikaipandisha ikawa nyota mbili. Kisha nikaikumbuka ile bakora inavyoshuka, nikazirudisha. Simu si ilikuwa mkononi mwake muda wote ule? Angemuonesha tu mzee, "hebu tazama, ami," tungecheka sote. Angemwacha aseme dakika tano za Wachina. Dakika tano! Sasa hivi naandika nyota moja, na hiyo ni ya Berkane.

Mkiwa vijana watupu mchukueni, picha anapiga nzuri, hilo nampa. Mkiwa na mzee, mie simo.

Ami 1992 hajaikubali. Anasema hayo ya mtandaoni yameandikwa na watu wa Simba. Kashaamua kwamba tukirudi tunarudi siku ya mechi, watoto atawatembeza yeye, tiketi zote juu yake, ila jukwaa la Urusi hakai.