Kadi inayojifyatua yenyewe: uzoefu wangu na triga ya nje, Lubumbashi

Upimaji wa kadi hii ni mzuri, triga yake (ishara ya kuiambia ianze kupima) ni uchafu. Naanza na hilo kwa sababu mtu hanunui kadi ndogo ya USB ya kupimia ili aitazame taa yake ikiwaka. Ananunua ili jambo litokee kwenye mashine, ndipo kadi ianze kuchukua sampuli. Mimi nilitaka kila mzunguko wa shafti ya pampu uanzishe kipande kimoja cha mtetemo. Kadi hii haingoji shafti. Inajifyatua.

Chanzo kinaudhi kwa udogo wake: ingizo la triga limeachwa linaelea. Ndani hakuna rezista inayolishikilia juu wala chini, na kitabu cha maelekezo kimenyamaza. Ingizo la namna hii halivuti mkondo wa maana, kwa hiyo waya wa mita moja usiofungwa popote unatosha kunasa 50 Hz ya nyaya za ukutani. Kulitambua ni rahisi. Mota ya ncha nne huzunguka chini kidogo ya mara 1,500 kwa dakika. Ikiwa 1,450, mzunguko mmoja ni ms 41. Ukiona vipande vinaingia kila baada ya ms 20, tena mota ikiwa imezimwa, hiyo si shafti, ni ukuta. Na delestaje (umeme kukatwa kwa zamu) ikipita, kompyuta ikabaki kwenye betri, kadi inatulia kama mtoto aliyeshiba.

Nilipompelekea muuzaji vipimo hivyo alijibu: "Papa, karte iko muzuri. Ni kuran ya Congo njo iko mubaya." Ati kuran, yaani umeme, ya Congo! 50 Hz ya Lubumbashi ni ileile ya Paris. Kadi isiyo na rezista ingejifyatua kule pia.

Dawa ni rezista ya kΩ 10 kati ya ingizo la triga na volti 5 za kadi yenyewe (au 3.3, kama ndizo ingizo linazokubali, usibahatishe hapo). Ongeza kapasita ya nF 10 kutoka ingizo hadi masi (sifuri ya volti ya kadi), karibu kabisa na skrubu ya ingizo hilo. Viwili hivyo vinachelewesha kupanda kwa takriban ms 0.1, ambayo kwa shafti yetu haifiki hata digrii moja. Tumia waya wa kusokota, mmoja ishara, mwingine masi, mbali na kebo ya mota.

Sensa za volti 24 zinazogundua chuma usizifunge moja kwa moja, utachoma ingizo. Waya wa kahawia ni chanya, buluu ni sifuri, nyeusi ni ishara. Ikiwa ni PNP (inayotoa chanya kwenye waya wa ishara), pitisha nyeusi kwenye rezista ya kΩ 2.2, kisha taa ya ndani ya optokopla PC817 (kifaa kidogo kinachopitisha ishara kwa mwanga), kisha buluu: ni mA 10 hivi, inatosha. Upande wa pili wa optokopla, mguu wa kolekta kwenye ingizo la triga, wa emita kwenye masi ya kadi. Halafu kwenye programu chagua ukingo unaoshuka, yaani kadi ianze volti ya ingizo inaposhuka. PC817 huwaka haraka lakini huzimika kwa kujikokota, na rezista ya kΩ 10 inazidisha hali hiyo. Ukichagua ukingo unaopanda, alama yako ya shafti itatangatanga.

Baada ya hapo, lazima niseme ukweli, kadi inafanya kazi vizuri mno. Vipande vinalala juu ya vingine bila kuyumba. Kwa bei yake sijaona ya kuishinda, na ningekuwa nimeshaandika nyota nne.

Lakini programu yao! Inachukua kipande kimoja na kunyamaza hadi uitegeshe upya, na isipopata triga inarudisha sifuri tupu bila onyo, kana kwamba pampu imekufa. Tegesha kwanza, ndipo uwashe sensa. Na usiombe sampuli 512 kwa kasi ya 10,000 kwa sekunde: hiyo ni ms 51, mzunguko unaofuata unakuta kadi bado ina kazi, unapata mmoja na kukosa mmoja. Mimi nachukua 380. Msichanganye pia triga ya nje na saa ya nje. Ya pili huamuru kila sampuli moja moja, na skrubu zao zimekaa jirani bila maandishi ya maana.

Nyota mbili, basi. Ukiikuta dukani, kabla ya kutoa dola zako mwombe muuzaji aitegeshe kwa triga ya nje bila kufunga kitu, kisha wewe shika ncha ya kipande cha waya kilichofungwa kwenye skrubu hiyo. Ikijifyatua, punguziwa bei, na kΩ 10 iwe juu yake.