Fundi wa umeme wa Shabab aliyepima maji ya rejeta kabla ya kugusa hita

Anayeendesha gari kati ya Molo, Elburgon na Nakuru anajua kwamba hita si anasa. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ukungu hutanda hadi lori lililo mbele yako halionekani, na bila hewa ya moto kwenye kioo unaenda kwa kubahatisha. Mimi hupeleka viazi na karoti Nakuru kwa Probox, na namsifu hapa fundi mmoja wa umeme wa magari aliye upande wa Shabab, mtaa wa Nakuru. Gereji nilizopitia kabla yake zilibadilisha vipuri. Yeye alipima.

Shida yangu ilikuwa hita kuvuja, ikitengenezwa inavuja tena. Hita ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini hupita ndani yake na feni hupuliza joto lake. Ikitoboka, pua ndiyo hutangulia kujua: harufu tamutamu ya kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Kisha kioo hushika utando wa mafutamafuta ambao kitambaa kinausambaza tu, na zulia la upande wa abiria linalowa. Maji ya eyasii (kipoza hewa cha gari) nayo huweza kulowesha zulia mahali hapo hapo, ila hayo hayanuki wala hayatelezi kidoleni, kwa hiyo gusa na unuse kabla hujakubali dashibodi ishushwe.

Kila hita mpya ilipotoboka niliambiwa kipuri kilikuwa kibovu. Gereji moja ilitaka kuunganisha ile mipira miwili ya hita ili maji yarudi kwenye injini bila kuifikia. Kwa gari la Mombasa, sawa. Kwa gari la Molo, hapana.

Huyu fundi aliniomba kwanza nimletee hita iliyotolewa. Akaipasua kwa msumeno wa chuma, akanionyesha ndani ya mirija yake myembamba ya alumini: vitobo vya ukubwa wa ncha ya sindano, vimeanzia ndani kuja nje.

"Mama, hii haijazeeka," akasema. "Imeliwa na umeme. Nikikuwekea nyingine leo bila kutafuta huo umeme unatoka wapi, nayo italiwa."

Alivyonieleza ni hivi. Kila kifaa cha umeme garini hupokea umeme kutoka betri, na umeme huo lazima urudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi na waya za athi. Waya wa athi ukikatika, ukishika kutu au ukiachwa umelegea, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi, na maji ya rejeta ni mojawapo. Unapopita humo unaondoka na chembe za chuma. Hiyo ndiyo elektrolisisi. Injini ina kuta nene, inavumilia. Hita na rejeta zina kuta nyembamba, ndizo hutoboka mapema.

Upimaji wenyewe unahitaji mita ya kidijitali tu, na nilisimama pale nikaufuatilia wote. Injini iwe baridi, maana kufungua kifuniko cha rejeta cha moto ni kujitafutia majeraha. Waya mweusi wa mita aliuweka kwenye hasi ya betri. Mwekundu aliuchovya kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma cha mdomo wake, kwa sababu ukigusa chuma hupimi maji tena. Akanisomea namba huku kila kitu kimezimwa, kisha nikipiga stata, kisha injini ikinguruma, halafu akaniambia niwashe taa kubwa, feni, redio, kimoja kimoja. Kipimo kisichozidi volti 0.1 hakimsumbui. Kikifika 0.3 anaanza kutafuta.

Kwangu namba iliruka mara mbili: nilipopiga stata, na nilipowasha spotlaiti za ukungu. Chini ya gari akakuta waya mnene wa athi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi unaning'inia. Ulifunguliwa wakati giaboksi iliposhushwa na hakuna aliyeurudisha. Spotlaiti nazo zilikuwa zimefungiwa athi kwenye bolti inayoshikilia rejeta. Akasugua kutu hadi chuma king'ae, akafunga waya mpya mnene wa injini, akahamisha athi ya spotlaiti hadi kwenye bodi. Akapima tena kwa mpangilio ule ule, na namba haikupita 0.1 popote.

Nilimuuliza kama tufunge pia waya wa athi kwenye hita yenyewe, maana nilishashauriwa hivyo. Akakataa: ukiipa hita athi yake, umeme uliopotea unaweza kupata sababu ya kupitia hapo. Dawa ni kuuzuia usiingie majini.

Kitu kingine ambacho gereji nyingi hukiruka: alichomoa betri na kupima maji tena. Kipimo kikiendelea kuonyesha volti wakati betri haimo, kulanti yenyewe imechoka, na alumini na chuma cha injini vinatengeneza umeme ndani yake. Yangu ilikuwa imechoka. Aliimwaga kwenye beseni, si chini, na nilimheshimu kwa hilo, kwa sababu kulanti ya ethilini glikoli ni sumu na utamu wake huvuta mbwa na watoto. Akasafisha mfumo wote, akajaza kulanti nusu na maji yaliyosafishwa nusu, yale ya chupa ya kuongezea betri (si asidi!). Maji ya kisima alikataa kabisa. Visima vya huku vina floridi na madini mengi, tunayaona kwenye meno ya watoto wetu, na maji yenye madini hupitisha umeme kwa urahisi zaidi.

Kasoro zipo. Hana kibanda, hivyo mvua ya mchana ikianza kazi inasimama. Kushusha dashibodi si kazi yake. Anakuelekeza kwa mwenzake, na unalipa huko kivyako. Risiti ni ujumbe wa M-Pesa tu. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na yuko chini ya gari karibu kila wakati.

Bei ya upimaji ilikuwa chini sana ya bei ya hita moja iliyotumika, na ningeilipa mara tatu bila kulalamika. Kinachonikera ni kwamba mita ipo kwenye kila gereji niliyopita, imelala kwenye sanduku la vifaa, huku mteja akiuziwa hita juu ya hita.

Ukienda kwake, lala na gari Nakuru au ufike asubuhi na mapema kisha uliache lipoe, kwa sababu injini yenye joto hataifungua hata umbembeleze vipi. Beba hita ya zamani kama bado unayo. Umweleze pia kila kitu kilichofungwa baada ya gari kutoka Japani: alamu, traka, spika kubwa, spotlaiti. Ataanza kupekua hapo.